Donald Ross: Seremala aliyeifanya ardhi ya mchanga kuwa makao ya gofu

MPENZI wa gofu anayeishi Mombasa hana budi kuvuka maji akitaka kuuonja mchezo huu kwa ukamilifu wake. Kisiwani ipo klabu kongwe ya Mombasa, iliyoasisiwa mwaka 1911, yenye mashimo tisa kandokando ya bahari, si mbali na kivuko cha Likoni. Akitaka mashimo 18, huvuka daraja la Nyali na kuingia upande wa Kisauni iliko klabu ya Nyali, au hupanda feri ya Likoni na kushika barabara ya Diani, ama husonga kaskazini hadi Vipingo katika Kaunti ya Kilifi.

Kokote atakakokwenda, atapambana na mambo yale yale: mchanga, upepo wa bahari usiotabirika, na grini, yaani ule uwanda wa nyasi fupi unaozunguka shimo, ambao hutazamika kuwa rahisi kwa mbali lakini humtesa mchezaji anapoukaribia. Si wengi wanaojiuliza fikra ya kuwajaribu wachezaji kwa namna hiyo ilipevushwa na nani.

Miongoni mwa waliochangia zaidi ni mwana wa mwashi kutoka kaskazini mwa Uskoti, Donald James Ross. Hakujenga uwanja wowote katika pwani yetu. Hata hivyo, viwanja alivyovichora, hasa kile cha Pinehurst Namba 2 katika jimbo la North Carolina nchini Marekani, vimekuwa chuo kwa wachoraji wa viwanja waliomfuata, na hadi leo wapenzi wa gofu hufunga safari kutoka pembe zote za dunia kwenda kuvizuru.

Mwana wa mwashi

Ross alizaliwa Novemba 23, 1872, katika mji mdogo wa Dornoch. Baba yake, Murdoch Ross, alikuwa mwashi wa mawe, na familia haikuwa na mali ya kujivunia. Lakini Dornoch ulikuwa na neema moja ambayo miji mingi mikubwa haikuwa nayo: ardhi ya mchanga baina ya mashamba na bahari, yenye nyasi ngumu na vilima vidogo vidogo vilivyofinyangwa na upepo. Kumbukumbu za mji huo zinaonyesha kwamba gofu ilichezwa hapo tangu mwaka 1616.

Kijana huyo alitiwa katika ufundi wa useremala. Mikono iliyojifunza kupima mbao na kuchonga viungo ndiyo baadaye iliyochonga vilima na mabonde ya viwanja vya gofu. Wakati huo mchezaji gofu wa kulipwa hakuwa mtu wa kuheshimiwa kama walivyo mabingwa wa leo. Alihesabiwa kuwa mtumishi wa klabu, aliyetengeneza fimbo, kukata nyasi na kuwafunza mabwana, kisha akapita mlango wa nyuma.

Katibu wa klabu ya Dornoch, John Sutherland, aliona kwamba kijana Ross alikuwa na kipaji na bidii. Alimshawishi aende St Andrews, mji unaohesabiwa kuwa chimbuko la gofu, akajifunze kutengeneza fimbo na kutunza uwanja chini ya mzee aliyejulikana duniani kote kama Old Tom Morris.

Mwalimu mzee

Morris, aliyezaliwa mwaka 1821, alikuwa ametwaa ubingwa wa wazi wa Uingereza mara nne, na tangu mwaka 1864 alikuwa mtunzaji wa uwanja wa St Andrews. Mzee huyo aligundua siri ambayo kwa mtu asiyejua kilimo cha nyasi huonekana kama wazimu: kwamba kumwaga mchanga juu ya grini hakuui nyasi, bali huzifanya zishikamane na kuota sawasawa. Aidha, alikuwa mmoja wa watu wa kwanza kulipwa kwa kazi ya kupanga viwanja, na mnamo mwaka 1886 alikuwa ameupanga upya uwanja wa Dornoch kwao Ross.

Kwa hivyo Ross alipofika St Andrews alijifunza mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni kwamba mchanga ni rafiki wa gofu, kwa kuwa hunyonya maji ya mvua upesi na kuuacha uwanja mkavu na mgumu. La pili ni kwamba uwanja mzuri hauchorwi kwa kuilazimisha ardhi, bali kwa kuitembea, kuitazama na kuuliza inataka nini.

Mnamo mwaka 1893 alirejea Dornoch akiwa mtunzaji wa uwanja na mwalimu wa mchezo. Alikuwa na umri wa miaka 21 hivi, na huenda angezeekea hapo. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwa vijana wengi wa Uskoti wakati huo kuinama kulimaanisha kupanda meli.

Kuvuka Atlantiki

Mmoja wa wageni waliofika Dornoch kucheza gofu alikuwa Robert Wheeler Willson, profesa wa elimu ya nyota katika Chuo Kikuu cha Harvard. Alimweleza Ross kwamba gofu ilikuwa ikienea Marekani kwa kasi, na kwamba wenye kuijua walikuwa wachache mno. Mwaka 1899 Ross alikusanya akiba yake, akaagana na jamaa zake na kusafiri hadi Boston. Inasimuliwa kwamba alipoteremka alibakiwa na fedha kidogo tu mfukoni.

Kupitia msaada wa profesa huyo, alipata kazi katika klabu ya Oakley, karibu na Boston, ambako aliupanga uwanja upya. Majira ya baridi yalipoingia na theluji kufunika nyasi, gofu ilisimama. Hapo ndipo alipokutana na mtu aliyebadilisha maisha yake, James Walker Tufts.

Kijiji juu ya visiki

Tufts alikuwa ametajirika kwa kuunda mashine za kuuzia soda. Afya yake haikuwa nzuri, na mwaka 1895 alinunua zaidi ya ekari 5,000 za ardhi huko North Carolina, kwa bei ya karibu dola moja kwa ekari. Bei ilikuwa ndogo kwa sababu ardhi yenyewe ilikuwa imeharibiwa. Misonobari iliyokuwa imesimama hapo kwa karne nyingi ilikuwa imekatwa kwa ajili ya mbao na utomvu, ikabaki mchanga mtupu na visiki.

Nia ya Tufts ilikuwa kujenga mahali pa mapumziko ambapo watu wa kaskazini wenye maradhi ya kifua wangepata hewa safi wakati wa baridi. Kampuni ya Frederick Law Olmsted, mchoraji wa bustani maarufu ya Central Park mjini New York, ilitayarisha ramani ya kijiji. Lakini ilipobainika kwamba kifua kikuu huambukiza, mpango ulibadilika, na Pinehurst ikawa mahali pa burudani kwa watu wenye afya.

Gofu haikuwa katika hesabu za mwanzo. Ililetwa na wageni wenyewe, waliokuwa wakipiga mipira katika malisho na kuwasumbua ng'ombe wa maziwa. Badala ya kuwafukuza, Tufts aliamua kujenga uwanja, na mwaka 1900 alimwajiri Ross awe mwalimu wa mchezo hapo kila majira ya baridi.

Ross alipoitazama ardhi hiyo, aliona kitu ambacho wakata miti hawakukiona. Mchanga ule, ijapokuwa ulikuwa mbali na bahari, ulimkumbusha Dornoch. Mahali ambapo mkulima angeona hasara, fundi huyu aliona uwanja.

Sinia lililofunikwa

Tufts alifariki mwaka 1902 na mwanawe Leonard akashika usukani. Uwanja Namba 2 ulikamilika ukiwa na mashimo 18 mwaka 1907. Ross alijenga pia Namba 3 na Namba 4, lakini Namba 2 ndio uliobaki moyoni mwake, na aliendelea kuurekebisha kwa takriban miaka 40. Alijenga nyumba yake kando ya uwanja huo na kuiita Dornoch Cottage, kwa kumbukumbu ya alikotoka.

Jambo moja huwashangaza wasomaji wa historia hii: kwa miaka mingi grini za Pinehurst hazikuwa na nyasi. Joto la kusini liliwashinda watunzaji, nao wakatumia mchanga ulioshindiliwa, uliofagiliwa kila kundi la wachezaji lilipopita. Wachezaji wa Afrika Mashariki hawatalishangaa hilo, kwa kuwa viwanja vingi vya mashambani katika nchi zetu vilitumia vivyo hivyo mchanga uliochanganywa na mafuta, kwa sababu maji ya kunyweshea nyasi yalikuwa haba.

Ilikuwa katikati ya miaka ya 1930 ambapo Ross alifaulu kuotesha nyasi kwenye grini zote za Namba 2. Umbo alilozipa ndilo lililomletea sifa. Grini nyingi za wachoraji wengine zilikuwa kama bakuli, zikiupokea mpira na kuusogeza katikati. Zake zilikuwa kama sinia lililofunikwa juu chini: katikati pameinuka na kingo zimeteremka pande zote. Mpira unaotua palipo sahihi hutulia. Unaokosea kwa hatua mbili tatu hubingirika na kuondoka kabisa. Wataalamu huongeza kwamba kule kumwagia mchanga mwaka hadi mwaka kuliziinua zaidi.

Kwa hiyo ugumu wa Ross haukutokana na maziwa ya maji wala vichaka vya kupotezea mipira. Mgeni anayecheza Namba 2 kwa mara ya kwanza huweza kumaliza mashimo yote 18 kwa mpira mmoja, na bado akashangaa kuona idadi kubwa ya mikwaju kwenye kadi yake. Njia ni pana, na mchezaji dhaifu ana nafasi ya kupita. Anayetafuta ushindi ndiye anayelazimika kufikiri: apige upande gani wa njia ili aikaribie grini kutoka pembe inayokubali mpira? Akiwa nje ya grini, auinue mpira hewani, aubingirishe ardhini, au autulize kwa kijiti cha kusukumia? Ross aliamini kwamba uwanja humpima mtu akili na subira kabla ya kumpima nguvu.

Sifa, kazi na misiba

Ross mwenyewe alikuwa mchezaji hodari. Alishinda mashindano ya wazi ya North and South yaliyochezewa Pinehurst katika miaka ya 1903, 1905 na 1906. Mdogo wake, Alec, aliyemfuata Marekani, alitwaa ubingwa wa US Open mwaka 1907. Lakini kadiri maombi ya kuchora viwanja yalivyoongezeka, ndivyo Donald alivyopunguza kucheza.

Katika maisha yake alichora au kurekebisha takriban viwanja 400. Miongoni mwavyo ni Seminole huko Florida, Oakland Hills karibu na Detroit, Oak Hill mjini Rochester, Inverness mjini Toledo, na Scioto mjini Columbus, ambako baadaye alikulia bingwa Jack Nicklaus. Katika miaka ya 1920 alikuwa na wasaidizi na maelfu ya vibarua, na kuna viwanja ambavyo alivichora kutokana na ramani tu bila kufika. Hilo limewafanya wanahistoria kuvitofautisha viwanja vya mkono wake na vile vya ofisi yake.

Mafanikio hayo hayakumkinga na misiba. Janet Conchie, mwanamke aliyemwoa mwaka 1904 na kumzalia binti, alifariki mwaka 1922. Miaka miwili baadaye alioa tena. Kisha ukaja mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929, na kazi ya kujenga viwanja ikakauka karibu nchi nzima. Bingwa Bobby Jones alipotaka kujenga uwanja wa Augusta, kazi ambayo wengi walidhani ingemwendea Ross, alimchagua Alister MacKenzie.

Wapo wanaosema kwamba Ross aliumia, na kwamba ndiyo sababu aliitumia miaka hiyo ya ukame kuukamilisha uwanja Namba 2. Iwe ni uchungu au ni kupata wasaa tu, matokeo yalionekana mwaka 1936, uwanja huo ulipoandaa ubingwa wa chama cha wachezaji wa kulipwa wa Marekani, ulioshindwa na Denny Shute.

Waliobeba mifuko

Habari za Pinehurst haziwezi kusimuliwa kwa uadilifu bila kuwataja waliobeba mifuko ya fimbo, wale tunaowaita makedi. Wengi wao walikuwa Wamarekani weusi, na wengi waliishi katika makazi ya jirani ya Taylortown. Waliujua uwanja kuliko wageni waliowatumikia: walijua grini ipi inateremka wapi, na upepo upi unadanganya. Lakini sheria na desturi za ubaguzi wa rangi ziliwazuia kuucheza kama wageni wale. Chama cha wachezaji wa kulipwa cha Marekani kiliandika katika katiba yake mwaka 1934 kwamba uanachama ni wa watu weupe pekee, na kifungu hicho hakikufutwa hadi mwaka 1961. Sifa ya Ross ilikua ndani ya mfumo huo.

Kwa msomaji wa Kisauni, Likoni au Changamwe, jambo hili si geni. Katika Kenya ya ukoloni, vilabu vya gofu vilikuwa vya Wazungu, na Mwafrika aliingia akiwa mkata nyasi, mpishi au kedi. Baada ya uhuru milango ilifunguka, na baadhi ya wachezaji wetu bora wa kulipwa ni watu walioanza kwa kubeba mifuko ya wengine, wakaiga mikwaju kwa macho kabla ya kushika fimbo ya kwao. Hata hivyo, ada za uanachama na bei ya vifaa bado ni ukuta kwa kijana anayeishi hatua chache tu kutoka ua la klabu.

Hapo ndipo maisha ya Ross yanapotufaa. Yeye naye alikuwa mtumishi wa klabu, mtoto wa fundi, asiyekuwa na jina. Tofauti ni kwamba palikuwa na katibu wa klabu aliyemwona, na mwalimu mzee aliyekubali kumfunza kazi yote, kuanzia nyasi hadi ramani. Kipaji chake kilikuwa chake, lakini mlango alifunguliwa na watu. Klabu inayompa kedi wake nafasi ya kucheza, na kumfunza utunzaji wa uwanja, inatenda kile ambacho Dornoch ilimtendea Donald Ross.

Kifo na urithi

Mnamo Desemba 1947, wachoraji wa viwanja vya gofu wa Marekani walikutana Pinehurst na kuunda chama chao. Ross alipewa cheo cha rais wa heshima. Miezi michache baadaye, Aprili 26, 1948, alifariki dunia hapo Pinehurst akiwa na umri wa miaka 75, na akazikwa Newton, Massachusetts. Mwaka 1977 jina lake liliingizwa katika jumba la kumbukumbu la magwiji wa gofu duniani.

Baada ya kifo chake, uwanja Namba 2 ulipitia mikono mingi. Wamiliki waliokuja miaka ya 1970 waliugeuza ufanane na viwanja vya kisasa, wakapanda nyasi nzito mahali palipokuwa na mchanga. Bado ulibaki na hadhi. Payne Stewart alishinda US Open hapo mwaka 1999, miezi michache kabla ya kufa katika ajali ya ndege, na Michael Campbell wa New Zealand akashinda mwaka 2005.

Kisha likafanyika jambo la kupigiwa mfano. Kuanzia mwaka 2010, wachoraji Bill Coore na Ben Crenshaw waliajiriwa kuurejesha uwanja jinsi Ross alivyouacha. Walizisoma picha za zamani zilizopigwa kutoka angani, wakang'oa ekari nyingi za nyasi zilizopandwa, wakarudisha mchanga na majani ya porini. Matumizi ya maji yalipungua sana. Mwaka 2014 uwanja huo uliandaa US Open ya wanaume na ya wanawake kwa wiki mbili mfululizo, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Martin Kaymer wa Ujerumani na Michelle Wie wa Marekani waliibuka washindi. Mwaka 2024 Bryson DeChambeau alimshinda Rory McIlroy kwa mkwaju mmoja.

Somo hilo la maji linafaa kuzingatiwa katika pwani yetu, ambako mifereji ya nyumba nyingi za Kisauni na Likoni hukauka mara kwa mara. Uwanja wa gofu haulazimiki kuwa zulia la kijani kibichi kutoka ua hadi ua ili uwe bora. Ulio mgumu na uliosifiwa kuliko karibu wote nchini Marekani ulirudia ubora wake ulipoachiwa kuwa mkavu na wa rangi ya ardhi yake.

Atakayepata nasaba ya kufika Pinehurst atakuta hoteli ya Carolina, iliyofunguliwa mwaka 1901, kijiji cha Olmsted, na nyumba ya Ross ingali kando ya uwanja. Asiyepata asihuzunike. Avuke daraja la Nyali au feri ya Likoni, asimame kwenye njia ya shimo lolote upepo ukivuma kutoka baharini, na kabla ya kuchagua fimbo aitazame ardhi kwanza. Hivyo ndivyo seremala wa Dornoch alivyoianza kila kazi yake.